Mwanga Juu ya Jiwe Jeusi

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera ya zamani hakijui rangi. Kiliundwa kikichukulie kila kilicho mbele yake kuwa cha kijivu cha wastani, na katika miji mingi hesabu hiyo haipotoki sana. Goma, mashariki mwa Kongo, inaikataa. Ardhi yetu ni nyeusi. Volkano ya Nyiragongo ilitapika mwaka 1977, ikatapika tena Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, kisha Mei 2021 ikarudi. Mawe hayohayo ndiyo tunayojengea kuta, ndiyo yanayokula soli za viatu. Ielekeze kamera kwenye ukuta wa lava: sindano itadai mwanga ni haba. Ukiitii, jiwe jeusi litatoka kijivu kama majivu, na shati jeupe la aliyesimama mbele ya ukuta litaungua lisibaki hata mkunjo mmoja.

Dawa yake haina gharama. Unanyoosha kiganja mahali penye mwanga uleule unaomwangukia mtu wako, unakipima, kisha unaongeza hatua moja. Viganja vya watu, wa Goma kwa wa Oslo, havipishani sana kwa weupe, na karibu vyote vinauzidi ule ujivu wa kamera kwa hatua moja. Ukishafanya hivyo jiwe linabaki jeusi, shati linabaki na nyuzi zake, na uso unatoka na rangi yake yenyewe. Hapo ndipo ninapoupendea ufundi huu wa filamu: mashine haijui, mkono unajua.

Mashine zenyewe ni ngumu. Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997, hutumia betri kwa ajili ya sindano ya mwanga tu. Betri ikifa, kamera inaendelea kupiga, maana kila kitu kingine ni chuma na springi. Kwa mji ambao umeme hukatika bila taarifa, hilo si jambo dogo. Yashica Mat 124G inanigusa zaidi. Huiinui machoni. Unaishika tumboni, unatazama chini kwenye kioo, na aliye mbele yako anakuona umeinamisha kichwa kama anayemwamkia mzee. Filamu yake ina nafasi 12 tu. Kwa hiyo unaongea na mtu kwanza, unauliza habari za nyumbani, unamwacha asimame anavyotaka.

Goma imepigwa picha nyingi sana kwa haraka. Wageni hushuka, hupiga wakimbizi, hupiga bunduki, huondoka. Habari lazima zipigwe, na Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, dunia ilikuwa na haki ya kuona. Lakini mji unaoonekana siku za msiba tu unaishia kudhaniwa kuwa ni msiba. Pamela Tulizo, mzaliwa wa hapa, alishinda mwaka 2020 tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana kwa kazi iliyogusa jeraha hilohilo: mwanamke wa Kivu kama vyombo vya habari vinavyomwonyesha, na mwanamke huyohuyo anavyojijua. Jibu lake halikutegemea aina ya kamera, nami sidai kwamba filamu peke yake huleta heshima. Ninachodai ni kwamba inamnyima mpiga picha njia ya mkato.

Filamu yenyewe imeshapita katika milima hii kwa namna za ajabu. Carl Akeley, Mmarekani, aliwapiga sokwe wa Virunga picha za sinema mwaka 1921 kwa kamera aliyoibuni mwenyewe. Akarudi, akafa 1926, na kaburi lake liko kwenye mteremko wa mlima Mikeno. Karibu miaka 90 baada ya sinema ile, Richard Mosse kutoka Ireland alikuja na Kodak Aerochrome, filamu iliyokusudiwa upelelezi wa kijeshi kutoka angani. Inanasa mwanga ambao jicho halioni, na kwa kuwa majani mabichi huurudisha kwa wingi, vilima vya kijani vya Kivu vilitoka waridi. Kazi yake ilifika kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2013. Naistahi, kwa sababu ilimlazimisha mtazamaji aliyechoshwa na vita vyetu atazame upya. Hata hivyo mimi nataka kilima cha Masisi kiwe kilima.

Kusafisha filamu ndiko kunakonishika kuliko yote. Mwaka 1995, darasa moja la Rochester huko Marekani liligundua kwamba kahawa husafisha filamu. Kinachofanya kazi si kafeini bali asidi iliyomo humo. Kwa lita moja ya maji: gramu 54 za soda ya kufulia, gramu 16 za vitamini C, gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka. Dakika 15, nyuzi 20. Robusta ya bei rahisi inafaa zaidi; arabika nzuri ya Kivu tuinywe. Dawa ya kugandisha picha bado lazima inunuliwe, hiyo haina mbadala wa jikoni unaoaminika. Kuiviringisha filamu kwenye kigurudumu chake kunataka giza totoro, vidole vikitafuta ukingo wa plastiki bila msaada wa jicho. Umeme ukikatika usiku, kazi inaendelea.

Msukuma chukudu mmoja, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, niliyempiga picha barabarani, mzigo wa makaa umempita kichwa, aliigeuza kamera yangu akitafuta kioo cha nyuma.

“Muzee, foto iko wapi? Utuonyeshe.”

“Iko ndani, ndugu. Nitakuletea ya karatasi.”

Nilisema kweli. Mwanga umeshazigusa chembe za fedha, zimeshabadilika, ila hakuna jicho litakalouona mguso huo mpaka kahawa ifanye kazi yake. Nilimpelekea.

Lava ya mwaka 2002 iliondoka na nyumba nyingi pamoja na albamu zake. Kwa hiyo filamu ya picha 36 naikata vipande sita, naviweka kwenye bahasha za karatasi, na sivilazi nyumba moja na picha zake. Wapo bado katika mitaa ya Himbi, Katindo na Majengo wenye negativu za studio za zamani chini ya sanduku, za harusi na za ubatizo, wasizozijali kwa kuwa nyuso humo zimegeuka rangi. Wasizitupe wala wasizifute kwa kitambaa chenye maji. Negativu ya nyeusi na nyeupe ya miaka ya 1980, ikiwa haikuota ukungu, inatoa picha safi leo. Kama hakuna wa kuichapa, ibandikwe dirishani juu ya karatasi nyeupe, ipigwe kwa simu, kisha rangi zigeuzwe. Inatosha kuanzia.