Kisu cha Mhunzi na Kisu cha Duka

Kila anayetaka kuanza kukusanya visu, awe mtu binafsi au shule yenye kabati tupu, hukabiliwa na swali moja: je, aanze na visu vya nyumbani au vya kigeni? Wanaotetea vya nyumbani husema kwamba huo ndio urithi wetu. Wanaotetea vya kigeni husema kwamba chuma chake ni bora na kwamba alama ya kiwanda yasomeka wazi kwenye bapa. Nionavyo mimi, pande zote mbili zimelishika swali hilo kwenye makali badala ya mpini.

Tuanze na majina, maana sisi walimu wa lugha ndiko tunakozoea kuanzia. Kisu, panga na wembe ni maneno ya Kibantu. Jambia lilikuja pwani kutoka Uarabuni, likiwa jina la kisu kilichopinda kinachovaliwa kiunoni na mwanamume mwenye hadhi yake. Lakini neno hilo lilipopanda bara na kuingia katika Kiganda kwa umbo la ejjambiya, halikubaki kiunoni mwa mtukufu: leo Mganda alitajapo, akilini mwake hulipata panga la kufyekea. Panga nalo lilifika Rwanda na Burundi likaitwa umupanga, likasimama kando ya umuhoro, chombo cha kale cha wenyeji chenye ncha iliyopinda mfano wa ndoana. Mwanafunzi akiambiwa avipange vitu hivi katika mafungu mawili, cha kwetu huku na cha watu kule, atalipeleka wapi jambia la shambani?

Vyenyewe visu vinachanganya zaidi kuliko majina. Chukua kisu cha kukunja kiitwacho Okapi, ambacho wengi wetu tumekiona mfukoni mwa wazee, mpini wake wa mti umepambwa kwa nyota na miezi ya madini. Jina lake ni la mnyama wa msitu wa Ituri, huko Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1901. Mwaka uliofuata kisu hicho kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Basi ni kisu chenye jina la Kongo na asili ya Ujerumani, kilichozaliwa kwa ajili ya mkono wa Mwafrika. Mkusanyaji anayekidharau kwa kuwa ni cha dukani anaitupa historia nzima ya biashara ya kikoloni ambayo angeweza kuieleza kwa senti chache.

Wala ugomvi huu si wetu peke yetu. Katika karne ya 19 mafundi wa Sheffield, Uingereza, walilalamika sana kwamba visu vya Kijerumani viliuzwa vikiwa vimegongwa jina la mji wao, hata Bunge la Uingereza likatunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887. Yaani ile alama inayosifiwa na wapenzi wa visu vya kigeni ilihitaji sheria ili iaminike.

Turudi nyumbani. Wapo wanaoamini kwamba chuma cha wahunzi wetu kilikuwa chuma laini tu, na kwamba pua ilitujia kwa meli. Mwaka 1976, wazee wa Buhaya, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, waliombwa na Peter Schmidt wajenge tena tanuru ya kuyeyushia chuma, kazi iliyokuwa imeachwa kwa takribani nusu karne. Waliijenga kwa udongo wa kichuguu, wakachoma majani ya kinamasi shimoni, wakaingiza mabomba ya udongo ya kupitishia upepo wa mivuo hadi ndani kabisa ya tanuru. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha maelezo yao: kwamba tanuru ya namna hiyo ilitoa chuma chenye kaboni, yaani pua, na kwamba ufundi huo una umri wa karibu miaka 2,000. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya jinsi joto lilivyopatikana, na ubishi huo haujafungwa. Lakini hakuna aliyesema kwamba wazee wale walikuwa wakicheza. Tanuru hizo hazikuzimwa na ubovu wa chuma chake. Zilizimwa na majembe ya bei nafuu yaliyotoka ng’ambo, yaliyomwondolea mhunzi sababu ya kuchoma makaa wiki nzima.

Mhunzi hakufa, hata hivyo. Aligeukia springi za malori. Sime nyingi zilizofuliwa katika karne ya 20 ni springi au tupa iliyochakaa, ikapashwa moto na kugongwa upya juu ya fuawe. Chuma cha Ulaya, umbo la hapa, mkono wa hapa. Kwangu mimi sime ya namna hiyo ni kazi bora kuliko “kisu cha asili” kinachouzwa kwa watalii, bati lililokatwa kwa mkasi na kufungwa ushanga mpini mzima, ambacho hakijawahi kuonja kinoo.

Lakini pambo peke yake si kosa. Wakuba wa Kongo wana kisu kiitwacho ikul, chenye bapa pana kama jani, na vingine hata bapa lake ni la mti mtupu. Masimulizi yao yanasema kwamba mfalme Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, alipiga marufuku kisu cha kurushwa kilichoitwa shongo, akaweka ikul mahali pake. Sanamu yake ya mti, iliyofika British Museum mwaka 1909 kwa mkono wa Emil Torday, imekishika kisu hicho katika mkono wa kushoto. Hapa kukosa makali kuna maana: ni neno la mfalme juu ya vita. Bati la watalii halina neno lolote.

Na hapa ndipo penye lawama yangu kubwa. Kisu cha Sheffield hutaja kiwanda chake. Kisu cha Mangbetu au cha Wazande kilichomo katika jumba la makumbusho la Ulaya aghalabu huwa na kadi itajayo kabila, mahali, na jina la Mzungu aliyekichukua. Jina la mhunzi halimo. Kosa hilo tunalirudia wenyewe tunaponunua kisu sokoni bila kumwuliza aliyekifua anaitwa nani, nasi twaweza kulikomesha leo hii, kwa penseli tu.

Kwa hiyo shule inayoanza isitumie fedha nyingi. Visu kumi vyatosha: kotama ya mgema, kisu cha jikoni kilicholiwa na kinoo hadi kikabaki chembamba, umuhoro, sime, Okapi, panga la kiwandani. Kadi ya kila kimoja itaje mhunzi au kiwanda, chuma kilikotoka, kazi iliyofanywa, na maneno ya wenyeji kwa mpini, msuka, bapa na ala. Maneno hayo yanapotea upesi kuliko chuma. Panga, hasa huko Rwanda, lisiwekwe mbele ya watoto kama pambo: tangu 1994 chombo hicho kina mashahidi walio hai. Kabati lifungwe kwa kufuli. Kutu nyepesi ipanguswe kwa mafuta, isisuguliwe kwa mchanga, na kisu kisihifadhiwe ndani ya ala yake ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na kukila.