Mkonge Ndani ya Mizania

Watu wengi wakishika taarifa ya hesabu za kampuni hukimbilia faida. Wakishaiona hutafuta gawio, kisha hufunga kijitabu. Mimi huanzia juu ya mizania, kwenye mstari wa mali za kudumu: majengo, mitambo, magari, samani. Huufuata mstari huo hadi kwenye maelezo ya nyuma, penye herufi ndogo, ambako kampuni inalazimika kueleza kila kundi la mali imelikadiria litadumu miaka mingapi. Nyuma ya jedwali la maelezo hayo yupo mhasibu ambaye hatajwi popote, mtunza rejista ya mali. Wenzake wanaandika yaliyokwisha kutokea. Yeye anatakiwa pia aseme neno kuhusu miaka ambayo haijafika, na aliseme kwa haki. Kwa hilo namheshimu sana.

Chukua lori moja. Kampuni imelinunua kwa shilingi milioni 180. Mhasibu anakadiria litabeba mizigo kwa miaka 8, na siku ya kuliuza litaleta milioni 20. Milioni 160 zilizobaki anazigawa kwa miaka 8, na kila mwaka milioni 20 zinaingia kwenye gharama kwa jina la uchakavu. Mwisho wa mwaka wa tatu lori linasomeka milioni 120 kwenye mizania. Hapo wengi hujikwaa: wanadhani hiyo ndiyo bei yake sokoni. Siyo. Hakuna mnunuzi aliyeulizwa. Ni ile sehemu ya gharama ambayo bado haijatozwa kwenye kazi, na fedha yenyewe ilishatoka benki zamani, siku lori liliponunuliwa.

Sasa mwambie mhasibu huyo aandike miaka 12 badala ya 8, na bei ya kuuzia iwe milioni 60. Uchakavu wa mwaka unashuka hadi milioni 10. Faida imepanda kwa milioni 10 kila mwaka, na lori halijabeba hata gunia moja la ziada. Mambo ya namna hii yalifanyika Marekani katika Waste Management, kampuni kubwa ya kuzoa taka. Malori yake yaliongezewa miaka ya kuishi na kupewa bei za kuuzia zisizo na msingi. Mwaka 1998 kampuni ilikiri kwamba faida yake ya tangu 1992 ilikuwa imezidishwa kwa dola bilioni 1.7, na sehemu ya kiasi hicho ilitokana na malori hayo. Mwaka 2002 mamlaka ya masoko ya mitaji ya huko ilimshtaki mwanzilishi wa kampuni hiyo pamoja na maofisa wengine watano.

Ndiyo maana naipenda rejista yenyewe kuliko jumla zake. Kila mali ina mstari wake: tarehe ya kununuliwa, namba ya ankara, namba ya kiwandani, mahali ilipo, jina la aliyekabidhiwa. Ubavuni mwa jenereta kuna kibati kilichopigwa ribiti, namba yake imegongwa kwa nyundo, na namba hiyohiyo ndiyo iliyo kwenye rejista. Mwisho wa mwaka mhasibu hutoka na karatasi zake, akaenda ghalani, karakana na nyumba ya pampu, akaikagua mitambo mmoja baada ya mwingine. Hukuta pampu iliyong'olewa miaka mingi nyuma bado inatozwa uchakavu. Hukuta mtambo unaunguruma ilhali kwenye rejista umeshafikia sifuri, maana yake makadirio ya awali yalikuwa mafupi mno. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 16 inamtaka apitie upya makadirio yake angalau kila mwisho wa mwaka wa fedha. Nadhani hicho ndicho kifungu chenye busara kuliko vyote ndani yake, kwa kuwa kinakubali kwamba mtu mwaminifu anaweza kubadili kauli baada ya kuona zaidi.

Lakini ukitaka kuuona ufundi huu ukiwa kamili, nenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Mmea huu uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kati ya miche elfu moja aliyoiagiza ni 62 tu iliyonusurika. Leo mkonge ni mali ya kudumu kwenye mizania, umekaa jirani na matrekta. Zamani haukuwekwa hapo. Kanuni ya uhasibu wa kilimo ilitaka mimea ithaminiwe upya kila mwaka kwa bei ya soko na tofauti ipelekwe kwenye faida, hivyo shamba liliweza kutangaza faida kubwa kwa sababu tu bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, ilitarajiwa kupanda. Marekebisho ya 2014, yaliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2016, yaliipeleka mimea inayovunwa mwaka hadi mwaka kwenye kanuni ileile ya majengo na mitambo. Majani yaliyo juu ya mmea yalibaki kwenye kanuni ya kilimo.

Kwa hiyo gharama za kusafisha pori, kununua miche, kupanda na kupalilia zinakusanywa kama za jengo linalojengwa, mpaka mkonge ufikie kukatwa. Kuanzia hapo uchakavu unahesabiwa. Kwa miaka mingapi? Jibu haliko ofisini. Linategemea udongo, mvua, ukataji, na aina ya mche. Chotara namba 11648 aliyezalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano hutoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida. Mmea ukishatoa mlingoti wa maua umemaliza, haurudi tena. Basi mhasibu inambidi amfuate bwana shamba, waingie kitaluni pamoja, aoneshwe mlingoti ulioanza kuchomoza mapema na kitalu ambacho bado kina miaka ya kukatwa. Kiwandani fundi naye atamwambia kwamba visu vya ngoma ya korona, mashine ya kutoa singa kwenye majani, huisha haraka kuliko fremu yake, kwa hiyo sehemu hizo haziwezi kupewa umri mmoja.

Hata ardhi, ambayo vitabu vingi husema haichakai, ina hesabu yake Tanzania. Ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na kampuni hushika hati ya miaka 33, 66 au 99. Kilicholipwa kupata hati hiyo nacho kinagawanywa kwa miaka yake.

Ukiwa na hisa kwenye kampuni yoyote, fungua jedwali la mali za kudumu na uweke namba mbili pamoja: uchakavu wa mwaka na thamani ya mali zilizonunuliwa mwaka huohuo. Angalia miaka mitano mfululizo. Ukikuta uchakavu ni bilioni 3 kila mwaka na vifaa vipya ni vya milioni 400 tu, nenda kwenye mkutano mkuu, simama, na kabla gawio halijapigiwa kura waulize wakurugenzi mitambo inayochakaa itabadilishwa lini, na kwa fedha ipi.