Habu ya Nyuma Ikinguruma, Kagua Koni Kwanza

Habu ya nyuma ya baiskeli ya mizigo haina siku ya mapumziko. Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80, na sehemu kubwa ya uzito huo inalala juu ya ekseli yenye unene wa milimita 9.5 tu. Juu yake kuna mwendeshaji, chini yake kuna vumbi la kiangazi na matope ya masika. Ndiyo maana kelele za baiskeli za mijini na vijijini mara nyingi huanzia nyuma.

Kazi inayochambuliwa hapa ilifanyika uani, Tanga, kwa vifaa vya kawaida na jiliwa moja ya kuazima. Baiskeli ni ile kubwa ya inchi 28, breki za vyuma, keria pana, muundo ambao Raleigh ya Nottingham iliusambaza duniani na ambao viwanda vya India na China vimeuendeleza hadi leo. Gurudumu lilikuwa linanguruma na kucheza pembeni, spoku moja ya upande wa gia ilikuwa imekatika, na friwili ilikuwa imegoma kufunguka. Mwishowe vilihitajika koni moja, gololi 18, spoku moja na grisi. Habu ilibaki ileile na friwili ilirudi ileile. Tofauti ya kazi hii na ile ya kubadilisha gurudumu zima ililetwa na mpangilio: kujua kelele inatoka wapi kabla ya kufungua chochote, kisha kufungua kwa zamu inayotakiwa.

Kusikiliza kabla ya kushika spana

Baiskeli ina sehemu tatu zinazoweza kupiga kelele zikazushiana lawama: pedali pamoja na ekseli ya katikati, friwili, na habu. Kila moja ina tabia yake.

Unapokanyaga, friwili haizunguki ndani yake yenyewe. Sehemu yake ya nje na ya ndani zimeshikana na zinakwenda pamoja. Hivyo kelele inayosikika unapokanyaga na kutoweka unapoacha miguu itulie haiwezi kuwa ya friwili. Tafuta kwenye pedali, ekseli ya katikati au cheni. Kelele ya mikwaruzo inayosikika tu miguu ikiwa imetulia ni ya friwili, ukiacha ule mlio wake wa kawaida wa tik-tik. Kelele inayoendelea katika hali zote mbili, na kuongezeka mzigo unapoongezeka, ni ya habu.

Kipimo cha pili ni kuhesabu. Gia ya mbele yenye meno 48 na ya nyuma yenye meno 20 hufanya gurudumu lizunguke mara 2.4 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Mlio unaorudi mara moja kwa kila mzunguko wa mguu ni wa mbele. Unaorudi zaidi ya mara mbili ni wa gurudumu.

Kipimo cha tatu hakihitaji hata kuendesha. Inua gurudumu kwa stendi, lizungushe kwa mkono, na uweke vidole vya mkono mwingine kwenye bomba la fremu karibu na ekseli. Habu nzima haitikisi vidole. Kisha shika ringi na uisukume kushoto na kulia. Kwa kuwa ringi iko zaidi ya sentimita 30 kutoka katikati, ulegevu mdogo wa ndani ya habu unajitokeza mkubwa kwenye ringi. Baiskeli yetu ilishindwa kwenye vidole na kwenye ringi pia.

Kutoa gurudumu

Hapa hakuna siri, ila kuna mtego wa washa. Kwenye baiskeli ya aina hii, ekseli ya nyuma inashikilia fremu, stendi, miguu ya keria na ya madigadi, na kila kimoja kina washa yake. Zitunge zote kwenye kipande cha waya kwa mpangilio uleule zilivyotoka, kushoto peke yake na kulia peke yake. Cheni yenye kiungo cha klipu ikifunguliwa, kumbuka wakati wa kurudisha: upande wa klipu usio na mwanya ndio unaotangulia cheni inakokwenda.

Friwili iliyogoma

Mafundi wengi hupambana na friwili hata pale isipohitajika. Kama shida ni gololi za habu pekee, kwenye habu nyingi za aina hii iache mahali pake: legeza koni ya kushoto, vuta ekseli itokee upande wa gia, na gololi za kulia utazifikia kupitia tundu la friwili. Ilibidi yetu itoke kwa sababu ya spoku. Friwili ya meno 20 ina kipenyo cha zaidi ya sentimita 8, nayo hufunika matundu ya spoku ya upande wake.

Ugumu wake umetengenezwa na miguu ya mwendeshaji. Friwili hukazwa kwa kulia, na kila mkanyago huikaza zaidi. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya pedali yenye mkono wa sentimita 17, nguvu ya kuzungusha inayofika nyuma kwa gia za 48 na 20 ni karibu kilo-sentimita 500. Hiyo ni kwa kila mlima, kwa miaka, na kutu imeongezwa juu yake.

Sasa linganisha njia za kuifungua. Spana ya sentimita 30 ikisukumwa kwa kilo 25 inatoa kilo-sentimita 750. Inaizidi nguvu iliyokaza, lakini si kwa kiasi cha kushinda kutu. Badala yake, funga kifungulio cha friwili kwenye jiliwa, kikiwa kimetazama juu, kisha laza gurudumu juu yake na ushike ringi kwa mikono miwili kama usukani wa lori. Kila mkono ukisukuma kilo 25 kwa umbali wa sentimita 32, unapata kilo-sentimita 1,600. Misuli haijaongezeka, kilichoongezeka ni urefu wa wenzo. Ndiyo sababu kukata spoku zote kabla ya kutoa friwili ni kosa kubwa: ringi ikishaondoka, wenzo umeondoka nayo.

Kabla ya hapo kulikuwa na maandalizi mawili. Kwanza, mchanganyiko wa mafuta ya taa na oili safi ulimiminwa kwenye mdomo wa friwili, gurudumu likiwa limelazwa gia juu, ukaachwa usiku kucha uzame kwenye hesi. Pili, pengo mbili za friwili ambamo kifungulio huingia zilikuwa zimepondwa kwa tindo siku za nyuma, na kifungulio kilikuwa kinateleza. Tupa ndogo ilitumika kunyoosha kingo zake hadi meno ya kifungulio yakakaa sawasawa.

Kisha kilifuata kitu kidogo kinachookoa kazi nzima: nati ya ekseli ilirudishwa juu ya kifungulio ili isikiruhusu kuruka nje. Ikazwe kwa vidole tu. Mara friwili inapoachia, simama, ondoa nati, ndipo uendelee kuzungusha. Friwili inapanda inapofunguka. Ukiendelea bila kuondoa nati, kifungulio kitabanwa kati ya nati na friwili, na utavunja kimojawapo. Kwa sababu hiyo pia ekseli haifunguliwi kabla ya friwili kutoka, kwani ndiyo inayokishikilia kifungulio.

Pengo zikiwa zimeharibika kabisa, ipo njia ya mwisho. Kile kifuniko cha mbele chenye matundu mawili madogo kina hesi ya kushoto, yaani hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Kikitoka, friwili inasambaratika, na kiini kinachobaki hubanwa chenyewe kwenye jiliwa. Hapo friwili imekufa, lakini habu imepona.

Koni inavyosema ukweli

Friwili ikiwa pembeni, koni ya kushoto ilifunguliwa na ekseli ikavutwa juu ya beseni. Gololi za nyuma ni za robo inchi, yaani milimita 6.35, tisa kila upande. Za mbele ni ndogo zaidi, kwa hiyo ukienda dukani taja gurudumu, au beba moja mkononi.

Vyote vilioshwa kwa mafuta ya taa, vikafutwa hadi vikakauka, ndipo ukaguzi ukaanza. Koni hupimwa kwa ncha ya kalamu ya wino: ipitishe polepole kwenye njia ya gololi, nayo itakwama kwenye kila kishimo ambacho jicho halikukiona. Koni ya kushoto ilikuwa na mstari unaong'aa, dalili ya afya. Ya kulia ilikuwa imechimbika, na vishimo vyake vilikuwa vimekusanyika upande mmoja.

Mkusanyiko huo una sababu. Habu na vikombe vyake vinazunguka, lakini ekseli na koni zimesimama. Gurudumu la inchi 28 huzunguka karibu mara 450 kwa kilomita. Kikombe kinagawana kipigo hicho kwenye mzingo wake wote, ilhali koni inakipokea sehemu ileile ya chini, kila mara. Bandu bandu huisha gogo. Hivyo koni hufa mapema, na kikombe mara nyingi hubaki kizima, kama ilivyokuwa hapa.

Desturi ya kubadilisha gololi tu na kurudisha koni mbovu inapotea njia hapo. Gololi mpya zikipita juu ya vishimo vya zamani, kelele hutulia kidogo kwa sababu ya grisi mpya, kisha vishimo huzila gololi, na chembe zake huanza kukichimba kikombe. Kikombe kikifa ni habu mpya na kusuka upya spoku zote.

Ekseli nayo ilizungushwa juu ya kioo bapa. Iliyopinda inayumba, na mwanga hupenya chini yake. Yetu ilikuwa imenyooka.

Kufunga

Spoku ilipita na kukazwa, kisha hesi ya habu ikapakwa grisi na friwili ikarudishwa kwa mkono. Hesi hii ni nyembamba, miviringo 24 kwa inchi, na huvuka njia kirahisi. Ikigoma kwa vidole, rudi nyuma uanze upya. Haihitaji kukazwa kwa nguvu. Mlima wa kwanza utamaliza kazi hiyo.

Ndani ya friwili yenyewe hatukutia grisi. Ilisafishwa kwa mafuta ya taa na kutiwa matone ya oili nyepesi. Grisi nzito huzifanya ndoana zake ndogo zigande zisiinuke, na mguu ukakanyaga hewa katikati ya barabara. Oili chafu ya injini ina masizi na chembe za chuma. Mafuta ya kula hugeuka gundi. Yote mawili yaachwe.

Kwenye vikombe vya habu, kinyume chake, grisi ilijazwa vizuri na gololi mpya tisa zikapandikizwa kila upande. Kunabaki mwanya mdogo. Usilazimishe kuingiza ya kumi. Wala usichanganye mpya na za zamani, kwa maana mpya, kwa kuwa ni kubwa kidogo, itabeba uzito peke yake.

Koni mpya ya upande wa gia ilifungwa kabisa na nati yake kabla ya ekseli kuingia, na marekebisho yote yakafanywa kushoto. Baiskeli ikienda mbele, msuguano huivuta koni ya kulia kuelekea kukaza. Isipofungwa imara, itajikaza yenyewe hadi ivunje gololi.

Kurekebisha ndiko kunakotaka subira. Koni ya kushoto husogezwa hadi iguse gololi, hurudishwa nyuma kidogo, kisha hushikwa kwa spana nyembamba wakati nati ya kufungia inakazwa. Nati hiyo huisukuma koni ndani kidogo. Asiyeacha nafasi mapema atajikuta na habu ngumu. Ekseli izunguke kwa vidole viwili bila mikwaruzo na bila kucheza. Ikibidi kuchagua kati ya ngumu na legevu, rudia mpaka isiwe mojawapo.

Kipimo cha mwisho kilifanyika gurudumu likiwa hewani, cheni haijarudishwa. Liliachwa lenyewe, likageuka taratibu hadi sehemu yake nzito ikashuka chini, likapepesuka mara kadhaa na kutulia. Gurudumu linalosimama ghafla popote lina koni iliyobanwa.

Kwa mwenye baiskeli, hukumu ni hii. Fundi akikwambia habu imekufa, mwombe akuoneshe koni na kikombe, na upitishe kalamu mwenyewe. Kikombe kikiwa laini, nunua koni na gololi kwa pamoja, usinunue kimoja bila kingine. Baada ya siku chache za kuendesha, shika ringi uisukume pembeni tena, kwa sababu sehemu mpya hutulia na nafasi ndogo hujitokeza. Na anayeosha baiskeli kwa mashine ya presha asielekeze maji kwenye habu.