Kubahatisha kwa Adabu

Juu ya Milima ya Ngong, KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ilisimamisha mitambo yake miwili ya kwanza ya upepo mwaka 1993. Mwaka 2009 ikaja sita ya aina ya Vestas V52, kila mmoja kilowati 850, na leo shamba zima lina uwezo wa megawati 25.5. Wapanda mlima hupiga picha ule ukubwa. Mimi hutazama panga moja, la mita 25 hivi, upepo unapokaza: linajigeuza taratibu kwenye shina lake, digrii chache tu, upepo wa ziada ukapita zake.

Hiyo ndiyo kazi rahisi. Ugumu uko kwenye upepo wa wastani, usiofaa kupotezwa hata kidogo. Jenereta ikiyakaza mapanga mno, yanazorota. Ikiyalegeza, yanakimbia bure. Kiasi kinachofaa hutegemea uzito wa hewa na hali ya panga. Hesabu za kawaida huanzia hewa ya usawa wa bahari, kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Ngong, kwenye mita 2,400 na ushei, hewa ni nyepesi kwa karibu robo. Hilo mhandisi hulisahihisha mapema. Je, vumbi na wadudu walioganda kwenye ukingo wa panga? Na mikwaruzo ya miaka? Nani atapanda kupima kila asubuhi?

Jibu ninalolipenda lilijaribiwa Colorado, Marekani, na Kathryn Johnson, Lucy Pao na wenzao walilieleza mwaka 2006. Kidhibiti chao hakijifanyi kujua. Hubadilisha ukazaji kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha, halafu hungoja, tena kwa saa, si dakika. Hulinganisha umeme uliopatikana na nguvu iliyokuwamo upeponi. Pakiwa na nafuu, huendelea upande uleule. Pasipokuwa nayo, hugeuka. Umahiri uko kwenye kule kungoja, maana chenye pupa kingejisifia upepo uliovuma wenyewe.

Na kuna ujanja mwingine. Kwenye mitambo mingi kipimaupepo hukaa nyuma ya mapanga, kikapokea upepo uliokwisha kuvurugwa. Kinasema uongo, naam, lakini maadamu uongo huo ni uleule jana na leo, ulinganisho hauharibiki.