Ufundi wa Kusimama Wima

Wapenzi wa yoga wa Ulaya na Marekani wakitaka mafungo hupanda ndege hadi Rishikesh, kando ya mto Ganges, alikoanzisha jumuiya yake mwalimu wa yoga Sivananda mwaka 1936 na The Beatles wakapiga kambi mwaka 1968. Paige Elenson wa New York safari yake ilikwenda upande mwingine. Alikuja Kenya na familia kutazama wanyama, akakuta vijana wa sarakasi wakisimama kwa mikono, akajiunga nao. Mwaka 2007 Africa Yoga Project ikaanza Nairobi, kuwafunza vijana ualimu. Nampenda kwa hilo: alifuata wanyama, akaangukia wanasarakasi. Na kusimama kwa mikono hawakufundishwa naye.

Lakini ninachokisifu ni ufundi wenyewe. Mtazame mwalimu mzuri akimsimamisha mtu wima tu, mkao uitwao tadasana. Macho yake huanzia sakafuni. Kidole gumba kimekanyaga? Kisigino kinabeba uzito au kinakwepa? Kisha magoti, nyonga, mbavu zisichomoze mbele. Hasemi mengi. Anagusa bega kwa ncha za vidole viwili, bega linashuka, na pumzi iliyokwama kifuani inapata njia.

Usahihi huo tumeupata zaidi kwa B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa India mwaka 1918 na kuandamwa utotoni na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Udhaifu ulimfundisha: asiyefika chini apewe tofali, asiyeweza kukaa, blanketi lililokunjwa, kamba, hata kiti. Hapa Nyamityobora, mjini Mbarara, Uganda, tofali halitafutwi. Liko kila panapojengwa nyumba.

Kule Nakivale, kunakopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Mkongo, Mrundi na Msomali hukutana kwenye foleni ya maji. Mama mwenye jerikani kichwani ana shingo ambayo wengine wanailipia dola Rishikesh. Sisemi kubeba maji ni yoga. Ni kazi, tena inaumiza. Ila mwalimu atakayekwenda kule asihangaike na shingo. Aanze na savasana, kulala chali bila kufanya lolote, ambayo Iyengar mwenyewe aliihesabu miongoni mwa mikao migumu. Kwa aliyezoea kulala sikio likiwa mlangoni, hilo litachukua wiki nyingi, na mwalimu asimharakishe wala asimlazimishe kufumba macho.