Chanjo Njema, Tarehe Mbovu

Kosa la kampeni ya chanjo ya homa ya matumbo nchini Kenya, Julai 2025, halikuwa katika dawa, wala katika mikono ya wauguzi, wala katika makasha ya barafu yaliyobeba vichupa. Lilikuwa katika kalenda, nalo lilikuwa kosa dhahiri ambalo mkazi yeyote wa Kibera au Kawangware, mitaa ya mabanda ya Nairobi, angalilikataza kama angalishauriwa kabla tarehe hazijatangazwa. Siku 10, tangu tarehe 5 hata tarehe 14, zilitengwa kwa ajili ya watoto wapatao milioni 19, wa miezi 9 hadi miaka 14, na wale wasiotimiza miaka 5 wapate pamoja nayo sindano ya surua na rubela. Na ndani ya siku hizo chache iliwekwa Saba Saba, siku ya maandamano ya tarehe 7 Julai.

Tuihesabu kalenda hiyo kwa insafu. Tarehe 5 ilikuwa Jumamosi, tarehe 6 Jumapili, na kwa hiyo siku ya kwanza ya shule, katika kampeni iliyotegemea sana shule, ilikuwa Jumatatu tarehe 7. Siku za shule zilikuwa 6 tu katika hizo 10, na ya kwanza yao, ambayo aghalabu ndiyo siku ya kuonyesha mfano, ya watoto kurudi nyumbani na alama ya wino kidoleni na jirani kumwuliza jirani, ilitolewa sadaka kabla haijapambazuka. Barabara za kuingia mjini zilizibwa kwa vizuizi, maduka yakafungwa, wazazi wengi wakawazuia watoto nyumbani. Kangemi, ambayo ni jirani ya Kawangware, ikawa uwanja wa moshi na risasi. Na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu zaidi ya watu 30 waliouawa nchini siku hiyo. Ni mama gani wa Gatina, au wa Laini Saba, ambaye angalimtoa mwanawe mlangoni kumtafuta mchanjaji katika fazaa kama ile?

Wala haisemeki kwamba jambo hili lilikuwa la ghafula. Saba Saba haikuzaliwa jana: tangu tarehe 7 Julai 1990, watu walipokatazwa kukutana Kamukunji kudai vyama vingi wakaenda, tarehe hiyo imekuwa na uzito wake katika Nairobi, na mitaa ya mabanda ndiyo iliyoubeba uzito huo zaidi ya mitaa mingine. Tena siku 10 barabara kabla ya kampeni kufunguliwa, yaani tarehe 25 Juni, jiji lilikwisha kuona maandamano na mauti. Kuahirisha kwa juma moja kungaliwezekana, kwa maana shule zilikuwa wazi hata mwisho wa Julai. Tadbiri iliyo na siku za kutosha mbele yake, ikachagua siku ile ile ya hatari, haina udhuru.

Hasara ya siku kama hiyo haiwaangukii watoto wote kwa usawa, na hapa ndipo penye kiini cha kadhia yenyewe. Uchunguzi uliofanywa na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) pamoja na wenzao wa CDC ya Marekani katika Gatwekera na Soweto, Kibera, kuanzia 2007 hadi 2009, na kutangazwa 2012 na Robert Breiman na wenzake, ulionyesha kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 ndio walioshikwa zaidi na homa hii: makadirio yalipita wagonjwa 2,200 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Wengi wa umri huo hawajaandikishwa shule. Wanafikiwa kwa miguu ya wahudumu wa afya ya jamii, nyumba kwa nyumba, katika vichochoro ambavyo siku ya mabomu ya machozi havipitiki. Mwanafunzi aliyekosa Jumatatu huweza kuchanjwa Jumanne. Mtoto wa nyumbani ambaye mama yake ameogopa, huenda asionekane tena.

Na hofu ina kumbukumbu. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki waliitilia shaka chanjo ya pepopunda, na fitina ile haijafa mitaani. Basi chanjo hii mpya imetengenezwa kwa kuunganisha sukari ya gamba la kijidudu na protini ya pepopunda iliyoondolewa sumu, na ni muungano huo unaoifundisha kinga ya mtoto mchanga kukumbuka, jambo ambalo chanjo ya zamani ya sukari peke yake haikuliweza kwa walio chini ya miaka 2. Neno hilo lilihitaji kuelezwa kwa utulivu, msikitini Makina na makanisani Kawangware, na wala si katika juma ambalo gari la serikali lilimaanisha askari.

Wakubwa waliotangulia walijua haya. Mwaka 1985, katika vita vya El Salvador, James Grant wa UNICEF aliwashika mkono serikali na waasi hata bunduki zikanyamaza kwa siku tatu ili watoto wachanjwe: pale vita vilisimamishwa kwa ajili ya sindano. Na Ali Maow Maalin wa Marka, mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, 1977, ambaye alikuwa mpishi wa hospitali na hakuchanjwa kwa kuogopa maumivu, baadaye alijitolea kutembea akiwasihi Wasomali wachanje watoto wao dhidi ya polio, na alifariki 2013 akiwa katika kazi hiyo. Sioni katika kampeni yetu mtu aliyeketi na wananchi kwa subira ya namna hiyo.

Chanjo yenyewe ni njema: huko Malawi dozi moja ilizuia homa hii kwa zaidi ya asilimia 80 mwanzoni, na baada ya miaka 4 bado karibu asilimia 78. Wauguzi walifanya kazi yao kwa uaminifu.

Lakini nitalirudia lalamiko langu la zamani, la ucheleweshaji. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha chanjo hii mwishoni mwa 2017. Pakistani ikaanza kuitumia 2019, Malawi 2023. Kibera, ambayo damu ya watoto wake ilikuwa miongoni mwa ithibati, ikangoja hata 2025, huku Samuel Kariuki na wenzake wa KEMRI wakionya kwa miaka mingi juu ya usugu wa vijidudu hivi kwa dawa tulizozizoea.

Na katika kuitambua homa hii, kipimo cha Widal bado kinatawala. Kipimo hicho cha 1896, ambacho maabara ndogo za mitaa yetu hukifanya mara moja tu na kuandika jibu, hakiwezi kutenganisha homa ya leo na kumbukumbu ya homa ya zamani. Mtoto aliyechanjwa atapata malaria au mafua, Widal itasema ana taifodi, atapewa siprofloksasini, na mama atasema chanjo ni bure. Kuotesha vijidudu vya damu maabarani hugharimu zaidi, huchukua siku kadhaa, na hunasa wagonjwa kama 6 kati ya 10 tu. Hata hivyo ndicho kipimo cha haki, na hospitali za kaunti zinazohudumia Kibera na Kawangware zipewe uwezo wa kukifanya.

Kampeni ijayo, tarehe zake zisitangazwe kabla wahudumu wa afya ya jamii wa Lindi, Silanga na Kongo hawajaulizwa. Na wewe mzazi ambaye mwanao alikosa, usingoje kampeni: chanjo imekwisha kuingizwa katika ratiba ya kawaida ya miezi 9, mpeleke kliniki ya serikali ukaiulizie.