Ufanisi Dhidi ya Ufanisi: Uhakiki wa Lugha ya Kusanidi Seva katika Kiswahili

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umedumu kwa miongo kadhaa, na kwa sehemu kubwa umekuwa mjadala wa majina ya vitu. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi zimeshindanishwa kiasi cha kuchosha. Kibodi, kicharazio na baobonye vivyo hivyo. Kazi zilizozaa matunda, kama vile mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilimlenga mtumiaji wa ofisini anayefungua faili, anayehariri na anayechapa. Makala haya yanahakiki eneo ambalo mjadala huo umelipita kwa haraka, yaani lugha ya kusanidi maunzi na utendaji wa seva. Hoja ya msingi ni kwamba nomino za eneo hili zinatosha. Tatizo ni kwamba neno moja hutumika kutaja pande mbili zinazopingana za uamuzi mmoja.

Mfano ulio wazi ni skrini ya wasifu wa mfumo katika seva za Dell PowerEdge. Katika vizazi kadhaa vya seva hizo, fundi hukuta machaguo mawili yanayotafuta kazi nyingi kwa kila wati ya umeme, moja likisimamiwa na seva yenyewe na jingine na mfumo endeshi. Lipo pia chaguo linalotafuta kazi nyingi bila kuhesabu wati, na lipo linalomwachia fundi apange kila kipengele mwenyewe. Asipogusa chochote, seva hubaki katika chaguo la kwanza, lile la kubana umeme. Sasa, neno la Kiingereza "performance" hutafsiriwa utendaji, utendakazi au ufanisi. Neno "efficiency" nalo hutafsiriwa ufanisi. Mhandisi akiandika katika taarifa yake kwamba seva imewekwa katika hali ya ufanisi, msomaji hawezi kujua kama umeme umebanwa au umeachiwa. Sentensi haina kosa la sarufi, inapendeza masikioni, na haisemi kitu.

Hujibiwa mara nyingi kwamba jambo hili halina madhara, kwa kuwa wahandisi husoma skrini kwa Kiingereza. Jibu hilo linasahau kwamba skrini ni sehemu ndogo ya kazi. Fundi hujadiliana na mwenzake kwa Kiswahili, humweleza msimamizi kwa Kiswahili, na mhasibu anayelipa bili ya umeme huuliza kwa Kiswahili kwa nini imepanda. Wanaoamua kati ya kasi na gharama ndio hasa wasioiona skrini. Hao hupokea neno "ufanisi" na kuridhika nalo, kila mmoja kwa maana yake.

Wala Kiingereza chenyewe si mwongozo wa kuaminika. Katika Linux, kidhibiti cha kasi kinachoitwa "powersave" kwa kawaida hukiweka kichakataji katika kasi yake ya chini kabisa. Lakini chini ya kiendeshi cha intel_pstate kikiwa katika hali yake ya kawaida, kidhibiti chenye jina hilohilo hupandisha na kushusha kasi kulingana na kazi iliyopo. Mfasiri anayetafsiri jina bila kuangalia tendo atakuwa ameingiza katika Kiswahili kosa la watu wengine.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye kumbukumbu. Katika seva yenye vichakataji viwili, kila kimoja kina kumbukumbu iliyo karibu nacho, na kuifikia ya mwenzake huchukua muda mrefu zaidi. Mpangilio wa NUMA huuonyesha mfumo endeshi umbali huo ili kazi iwekwe karibu na data yake. Kipengele cha kuchanganya nodi hufanya kinyume: hutawanya anwani kwenye pande zote mbili na kuuficha umbali. Kwa hiyo, anayetaka faida ya NUMA sharti akizime kipengele hicho. Tafsiri zilizozoeleka humtaka "awezeshe" au "alemaze". Katika Kiswahili, kuwezesha ni jambo jema daima, na kulemaza ni kutia kilema. Ni fundi gani atakayeitia kilema seva ya mwajiri wake kwa hiari? Washa na zima, maneno ya kila nyumba, hayambebeshi mtu hukumu kabla hajafikiri.

Yapo maeneo ambamo Kiswahili kina uwezo mkubwa kuliko kinavyopewa nafasi. Vichakataji hupumzishwa kwa ngazi zinazotajwa kwa alama C1, C1E, C6 na nyinginezo, na tafsiri rasmi huelekea kuziita zote "hali", neno lililokwisha kubeba mizigo mingine mitatu au minne. Wasemaji wa Kiswahili tayari wana kusinzia, kulala na kulala fofofo. Jedwali lililomo katika Linux kwa vichakataji vya Xeon vya kizazi cha Skylake hukadiria kwamba kuamka kutoka C1 huchukua mikrosekunde 2, kutoka C1E 10, na kutoka C6 133. Anayelala fofofo huchelewa kuamka: maelezo yote ya kwa nini hifadhidata yenye maombi mafupi mafupi huweza kuzorota ikiachwa na mipangilio ya kubana umeme yamo katika msemo huo.

Mfano wa pili unahusu vidhibiti vya diski. Njia moja ya kuandika hupokea data, huiweka katika kumbukumbu ya muda ya kidhibiti na kukiri papo hapo kwamba imeandikwa, kabla haijafika kwenye diski. Kuiita "andika-nyuma" ni kunakili maneno bila maana. "Kiri kwanza, andika baadaye" ni refu, lakini linamwonya msikilizaji kwamba kuna ahadi ambayo haijatimizwa na kwamba betri ya kidhibiti ndiyo mdhamini wake. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, onyo hilo lina thamani kuliko ufupi.

Pendekezo la kutenga "kasi" kwa upande mmoja na "ubanaji wa umeme" kwa upande wa pili lingeondoa utata wa ufanisi, ingawa halimalizi kazi. Kasi yenyewe ina sura mbili: wingi wa kazi inayokamilika kwa sekunde, na wepesi wa kujibu ombi moja. Abiria wa basi la mwendokasi jijini Dar es Salaam anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa, kwa maana yeye huanza kuhesabu safari tangu anapofika kituoni, wakati dereva huanza kuihesabu basi linapoondoka. Seva huweza kusanidiwa kwa faida ya mmoja wao na hasara ya mwingine, na bado kamusi zina neno moja kwa wote wawili.